Nani Anamlipa Mlinzi? Hoja kuhusu Uchaguzi wa Taaluma ya Mazingira Afrika Mashariki

Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilikadiria kwamba juhudi za kuzuia joto la dunia lisipande zaidi ya nyuzi 2 zingezaa ajira mpya milioni 24 ifikapo 2030. Takwimu hiyo imevuma kuliko ripoti iliyoizaa. Kinachonukuliwa kwa nadra ni kwamba ripoti hiyohiyo iliona sehemu kubwa ya neema ikienda Asia, huku Afrika, mwenendo ukibaki ulivyo, ikitarajiwa kupoteza ajira nyingi kidogo kuliko itakazopata: pungufu ya asilimia 0.04. Tena ajira zilizohesabiwa zinatokana hasa na nishati mbadala, magari ya umeme na majengo yanayobana matumizi ya nishati. Fundi wa umeme wa jua yumo katika hesabu. Askari wa uhifadhi na ofisa mazingira wa halmashauri hawakuwa kiini chake.

Hata hivyo, kijana wa kidato cha sita anayeuliza asomee nini huambiwa kwamba ajira za kijani zinakuja. Ushauri anaopewa hutoka katika kambi mbili. Kambi ya kwanza ni ya wito: kama moyo wako uko kwenye misitu, ufuate. Ya pili ni ya soko: tafuta shahada inayohitajika, kazi itakufuata. Kwamba nchi zetu zinahitaji wataalamu wa mazingira hakuna anayebisha, na makala haya hayatapoteza wino kulithibitisha hilo. Yanachodai ni kwamba kambi zote mbili zinaruka swali lenye uzito kuliko yote: nani atamlipa mtaalamu huyo, na je, mlipaji atanufaika au ataumia iwapo kazi itafanywa sawasawa?

Swali hili si la kifedha tu. Mhasibu mwaminifu humfaa mwajiri wake, na daktari hodari humfaa mgonjwa anayemlipa. Kazi ya mazingira haiko hivyo. Wanaonufaika nayo ni wengi, wametawanyika, na mara nyingi hawana uwezo wa kuajiri mtu. Wanaoumizwa nayo ni wachache, wanajulikana, na mara nyingi ndio wenye fedha.

Tathmini ya athari kwa mazingira inalionyesha jambo hili waziwazi. Nafasi nyingi za kazi katika eneo hilo zimezaliwa na sheria. Kenya ilipitisha sheria yake ya usimamizi na uratibu wa mazingira mwaka 1999. Tanzania ilifuata mwaka 2004, na kifungu cha 81 cha sheria yake kinamtaka mwenye mradi afanye tathmini kabla ya mradi kuanza. Kazi hiyo lazima ifanywe na wataalamu waliosajiliwa. Kwa maneno mengine, Bunge liliunda soko kwa kalamu, na vyuo vikapata sababu ya kufungua kozi. Lakini soko hilo lina kasoro tangu kuzaliwa: anayechunguzwa ndiye anayemtafuta mchunguzi, ndiye anayepatana naye bei, na ndiye atakayemwita au kutomwita tena mradi ujao.

Kasoro hiyo ina sura na jina la mtaa. Owino Uhuru ni makazi ya watu wa kipato cha chini mjini Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilijengwa kikipakana na nyumba za watu. Mwaka 2009 Phyllis Omido aliajiriwa hapo, si kama mwanasayansi wa mazingira, bali kushughulikia uhusiano wa kiwanda na jamii. Moja ya majukumu yake ya mwanzo lilikuwa kusimamia tathmini ya athari kwa mazingira. Wataalamu aliofanya nao kazi waliona kwamba ukaribu wa kiwanda na makazi ungewaweka wakazi katika hatari ya madini ya risasi, naye akaupeleka ushauri huo kwa wakubwa wake: kiwanda kihamishwe. Hakikuhamishwa. Yeye ndiye aliyehamishwa kutoka kwenye kazi hiyo.

Kisha mtoto wake mdogo akaugua. Vipimo vilionyesha risasi mwilini mwake, ingawa mtoto hakuwa akipelekwa kiwandani, alikuwa akinyonya. Omido aliacha kazi, akaanza kuwakusanya wakazi, akaanzisha shirika la kutetea haki na mazingira. Mwaka 2012 alikamatwa na kushtakiwa kwa uchochezi, akaachiwa huru. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Goldman, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, ikizitia hatiani taasisi za serikali pamoja na kiwanda, mamlaka ya mazingira ikiwa miongoni mwao. Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo mwaka 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya ujasiri, na ni kweli ujasiri ulikuwepo. Ila kwa mtu anayechagua kazi, kina somo jingine. Elimu haikukosekana: wataalamu walikuwepo na hatari waliiona. Sheria nayo haikukosekana: ilikuwa na umri wa miaka 10. Wito pia ulikuwepo. Kilichokosekana ni mlipaji asiyeogopa matokeo. Omido alianza kuwa mlinzi wa mazingira kwa maana kamili ya neno hilo siku alipoacha kulipwa na aliyemchunguza, na kilichompa nguvu baada ya hapo ni Katiba ya Kenya ya 2010, ambayo ibara yake ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi, pamoja na mahakama maalumu iliyoundwa kusikiliza mashauri ya aina hiyo.

Itapingwa kwamba Omido ni mtu wa pekee, na kwamba taaluma haijengwi juu ya mashujaa. Hoja hiyo inaunga mkono madai ya makala haya kuliko inavyoyabomoa. Taaluma inayohitaji shujaa ili kazi yake ya kawaida ifanyike ni taaluma iliyojengwa vibaya, na kijana ana haki ya kujua hivyo kabla ya kujaza fomu za chuo.

Itapingwa pia kwamba dawa ni kuajiriwa na serikali. Kuna ukweli hapo. Askari aliyehitimu chuo cha Pasiansi au ofisa aliyetoka Mweka, chuo kilichofunguliwa mwaka 1963 kwenye miteremko ya Kilimanjaro, halipwi na jangili anayemkamata. Lakini mshahara wa uhifadhi Tanzania umefungamana kwa muda mrefu na mfuko wa mtalii. Kwa miaka mingi Serengeti na Kilimanjaro ndizo zilizobeba hifadhi zisizoweza kujitegemea. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege, watalii walioingia nchini walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka uliotangulia hadi takriban 620,000. Faru hawakupungua thamani mwaka huo, wala majangili hawakwenda likizo. Kilichotikisika ni chanzo cha fedha. Anayechagua kuvaa sare ya jeshi la uhifadhi anachagua pia, ajue asijue, kuwa mfanyakazi wa sekta ya utalii.

Mlipaji wa tatu ni mfadhili wa nje, ambaye wasomi wengi wa siasa za maendeleo humsema kwa ubaya tu. Hapa makala haya yanatofautiana nao. Chukua mfano wa Wangari Maathai, mwanzilishi wa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani nchini Kenya, ambaye hakusomea mazingira. Udaktari wake wa falsafa, alioupata Nairobi mwaka 1971, ulikuwa wa anatomia ya mifugo. Vuguvugu lake lilianza mwaka 1977 chini ya Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, na wanawake walilipwa kiasi kidogo kwa kila mche ulioshika. Alipopinga ujenzi wa jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru mwaka 1989, alifukuzwa kwenye ofisi zake, zilizokuwa katika jengo la serikali. Vuguvugu halikufa, kwa sababu jengo lilikuwa mikononi mwa serikali lakini fedha za miche zilitoka Norway na Umoja wa Mataifa. Mfadhili ana ubaya wake, hasa mikataba ya muda mfupi inayomwacha mtafiti njiapanda kila mradi unapokwisha. Lakini kwa kipindi kile umbali wake ulikuwa ngao.

Wa nne ni jamii yenyewe. Katika ghuba ya Gazi, kaunti ya Kwale, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wamekuwa tangu 2013 wakiuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, uliopata Tuzo ya Ikweta mwaka 2017. Mapato yamekwenda kwenye maji na shule. Hapo ndipo anayelipa na anayenufaika wanapokuwa mtu mmoja, jambo ambalo tathmini za miradi hazijawahi kulifikia. Mradi hata hivyo hauajiri umati. Kazi ya kudumu ni ya watu wachache, na bei ya hewa ya ukaa huamuliwa mbali na Kwale.

Nini kifuate? Kwa mwanafunzi, pengine ni busara zaidi kuchagua mlipaji kwanza na kozi baadaye. Sheria, takwimu za afya ya jamii au uhasibu wa miradi vinaweza kumfikisha kwenye ulinzi wa mazingira haraka kuliko shahada yenye neno mazingira katika jina lake. Kwa vyuo, somo la sheria na mienendo ya taasisi linastahili kuwa la lazima kama lilivyo somo la ikolojia.

Kwa serikali, hatua iliyo wazi zaidi ni kukata uhusiano wa moja kwa moja kati ya mwenye mradi na mtathmini: mwenye mradi alipe ada kwenye mfuko, na mtathmini apangwe kutoka kwenye orodha ya waliosajiliwa. Kwamba mamlaka za mazingira nazo zinaweza kuteleza, Owino Uhuru imethibitisha, na kwa hiyo mfuko huo utahitaji msimamizi aliye nje ya mamlaka hizo na rekodi zinazosomwa na wananchi. Mpaka hapo utakapoundwa, kila ripoti ya tathmini inayotolewa Afrika Mashariki inastahili kusomwa kwanza kwenye ukurasa unaoonyesha nani aliigharamia.