Kapasitansi ya ua wa umeme, Taita Taveta

Kapasita ni vipitishi viwili vilivyotenganishwa na kihami. Kuzunguka Voi, mjini na kwenye mashamba yanayopakana na Tsavo, iliyotangazwa mbuga mwaka 1948, kapasita ya volti kubwa iliyojengwa kwa mkono ni ua wa umeme wa kuzuia ndovu: waya ni bamba moja, udongo ni la pili, na hewa ndiyo kihami.

Kwa mabamba bapa, C = ε₀ × k × A ÷ d, ambapo ε₀ ni pikofaradi 8.85 kwa mita, k ni kigezo cha kihami, A ni eneo la bamba na d ni umbali kati ya mabamba. Kwa mfano, kioo cha milimita 3 chenye karatasi ya alumini ya sentimita 20 kwa 30 kila upande, k ikiwa 6, hutoa nanofaradi 1.06. Alumini isipobana kioo hesabu huharibika vibaya: pengo la hewa la nusu milimita, upande mmoja tu, huikata kapasitansi nusu.

Kwa waya ulio juu ya ardhi, kila mita ina 2πε₀ ÷ ln(2h ÷ r), h ikiwa kimo na r nusu kipenyo. Waya wenye kipenyo cha milimita 2.5, ukiwa mita 1 juu, una takriban nanofaradi 7.5 kwa kilomita. Kilomita 10 ni nanofaradi 75, na kuzijaza hadi volti 8,000 (½CV²) hugharimu jouli 2.4 kwa kila pigo, kabla ndovu hajagusa chochote. Mashine ya kutia umeme kwenye ua inayotoa jouli 1 kwa kila pigo haitavuka volti 5,200 hivi, hata nyasi zikifyekwa na insuleta zikawa safi. Mkulima anayeuziwa mashine ndogo kwa ua mrefu anapunjwa.

Ndani ya mashine, kapasita ya mikrofaradi 30 iliyojazwa volti 600 hubeba jouli 5.4, transfoma hukuza volti, na pigo fupi sana hutoka karibu kila sekunde. Ufupi huo ndio unaookoa maisha. Kuunganisha ua moja kwa moja na umeme wa nyumbani wa volti 240 kunaua watu na mifugo, na kusifanywe kamwe.

Kiangazi, udongo mkavu hupitisha umeme vibaya, na mnyama anaweza kugusa waya asishtuke vya kutosha. Dawa yake ni kupishanisha nyaya za moto na nyaya za ardhi. Kila waya wa ardhi unaosogezwa karibu na wa moto huongeza kapasitansi, kwa hiyo nao uhesabiwe kabla mashine haijanunuliwa.