Haddow na Saa za Mbu

Alexander John Haddow alizaliwa Uskochi mwaka wa 1912, akasoma katika Chuo Kikuu cha Glasgow elimu ya wanyama kwanza, kisha uganga. Ni nadra elimu hizo mbili kukaa katika kichwa kimoja. Mganga humtazama mgonjwa akauliza ana nini. Mjuzi wa wanyama humtazama mdudu akauliza anaishije. Haddow alikuja Afrika ya Mashariki wakati wa Vita Kuu ya Pili, na makala yake iliyotolewa mwaka wa 1942 ilihusu mbu waliomo katika nyumba za wenyeji wa Kisumu, na hali ya joto na unyevu ndani ya nyumba hizo. Baadaye akahamia Entebbe, katika Taasisi ya Uchunguzi wa Homa ya Manjano iliyoanzishwa mwaka wa 1936 kwa fedha za Rockefeller Foundation.

Huko alilikuta fumbo. Chini ya milima ya Ruwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, iko nchi ya Bwamba. Damu za wenyeji wake zilipopimwa, wengi walionekana kuwa na kinga ya homa ya manjano, maana yake walikwisha kuambukizwa. Lakini hapakuwa na habari za maradhi makubwa yaliyopata kuwafyeka watu. Isitoshe, Aedes aegypti, yule mbu wa mijini aliyejulikana kwa kuueneza ugonjwa huo huko Amerika, hakuwa ndiye aliyewauma watu wa Bwamba. Basi ugonjwa ulitoka wapi, na nani aliyeuleta nyumbani?

Wengi wangetafuta jibu katika vijichupa vya maabara. Haddow alilitafuta katika saa. Alitaka kujua kila aina ya mbu huuma wapi, kwa urefu gani kutoka ardhini, na wakati gani wa mchana au usiku. Majukwaa yakajengwa juu ya miti, mengine chini, mengine katika vilele, na watu wakakaa juu yake zamu kwa zamu kwa saa 24, wakimdaka kila mbu aliyewatua mwilini na kumtia katika kichupa kilichoandikwa saa. Kazi hiyo ilirudiwa, mvua na kiangazi, mpaka hesabu zikaacha kubahatisha.

Ndipo msitu ulipoonekana kuwa na ratiba. Mbu aitwaye Aedes africanus hukaa juu katika vilele, na ghadhabu yake hupanda mara tu jua likizama, kwa muda wa saa moja hivi, kisha hutulia. Kwa Mswahili, ambaye siku yake huanza magharibi, jambo hilo si geni sana kulifahamu: saa ya kwanza ya usiku ndiyo saa ya mbu huyo. Na saa hiyo kima wamekwisha kupanda kulala katika vilele hivyo hivyo. Kumbe ugonjwa ulikuwa ukizunguka huko juu, baina ya mbu na kima, bila mwanadamu kuhusika hata kidogo.

Lakini kima ni mwizi wa ndizi. Mchana hushuka mashambani ukingoni mwa msitu, na humo yumo mbu mwingine, Aedes simpsoni, azaliaye katika maji machache yanayotuama pale jani la mgomba linapokutana na shina. Huyu huuma mchana. Humwuma kima mwenye virusi, kisha humwuma mkulima aliye shambani mwake. Hivyo mbu wawili wasiokutana, mmoja wa usiku juu na mmoja wa mchana chini, waliunganishwa na tamaa ya kima. Haddow na wenzake walilieleza jambo hilo katika miaka ya 1940, na linafaa kuhesabiwa miongoni mwa kazi bora za sayansi zilizofanywa katika nchi hizi.

Gharama yake lakini haikulipwa na wenye majina peke yao. Waliokaa juu ya majukwaa, miguu na mikono wazi, walikuwa vijana wa Kiafrika, na chambo kilikuwa miili yao. Chanjo ya homa ya manjano ilikwisha kupatikana tangu mwaka wa 1937. Ila mbu wa Bwamba walikuwa na mambo mengine pia. Mwaka wa 1942 walitolewa ndani yao virusi vya Semliki, ambavyo hata jina havikuwa nalo kabla ya hapo, sembuse chanjo.

Kirusi cha Zika nacho kilipatikana kwa njia hiyo ya kutafuta kingine. Mwezi wa Aprili 1947 kima wa Kihindi waliwekwa vizimbani juu ya miti ya msitu wa Zika, karibu na Entebbe, ili wanase homa ya manjano. Mmoja wao, nambari 766, akapatwa na homa, na damu yake ikatoa kirusi kisichojulikana. Januari 1948 kirusi hicho hicho kikapatikana katika Aedes africanus 86 waliodakwa msituni humo. Makala yake ilitoka mwaka wa 1952, chini ya majina ya Dick, Kitchen na Haddow. Watu wachache sana waliijali.

Haddow alikuwa mkurugenzi wa taasisi hiyo tangu 1953 hata 1965, na katika muda huo ndipo ulipozuka o'nyong'nyong, mwaka wa 1959 kaskazini ya Uganda, ugonjwa wa maungo ulioenezwa na mbu wa malaria wenyewe ukawashika watu wapatao milioni 2. Mwaka wa 1960 mnara wa chuma wenye futi 120 ulihamishwa kutoka msitu wa Mpanga ukasimamishwa Zika, ili mbu wahesabiwe ngazi kwa ngazi. Kisha akarudi Glasgow kufundisha. Alikufa mwaka wa 1978, kirusi cha Zika kikiwa bado kinajulikana kwa wagonjwa wa kuhesabika; miaka 37 baadaye, huko Brazil, watoto walianza kuzaliwa na vichwa vidogo, na madaktari wakaifungua tena ile makala ya 1952. Wanaisoma mpaka leo. Waandishi wake ni watatu. Waliodaka wale mbu 86 hawamo katika idadi hiyo.