Nani Aliyelipia Noti? Historia Fupi ya Vyombo vya Kuandikia Nyimbo za Kanisa

Katika sharika za Mwanza, tangu Mirongo hadi vijiji vya ng'ambo ya ghuba, hazina ya nyimbo za kwaya imo katika madaftari. Mwalimu wa kwaya huandika sauti nne kwa herufi za solfa, naye ahamapo au alalapo katika Bwana, daftari huondoka naye au hubaki sandukuni pasipo mtu wa kulifungua. Tumezika walimu wa namna hiyo, na baada ya miezi michache tumesikia sauti ya tatu ikiimbwa kwa kukisia. Katika makala hii twauliza swali la historia: vyombo vya kuandikia muziki vilipatikanaje, na ni nani aliyetoa fedha na mikono?

Tuanze na herufi zenyewe. Msingi wake uliwekwa na mwalimu Sarah Glover wa Norwich, Uingereza. Mwaka 1841 mkutano wa walimu wa shule za Jumapili uliofanyika Hull ulimwagiza mchungaji kijana, John Curwen, atafute njia nyepesi ya kufundisha uimbaji. Curwen hakuwa mwanamuziki. Aliuchukua utaratibu wa Glover, akaurekebisha, na hatimaye akawa na matbaa yake ya kuuchapa. Habari hii yafaa kuangaliwa sana, maana wengi wetu tumezoea kudhani kwamba solfa ilikuja tu ndani ya masanduku ya wamisionari. La hasha. Ilizaliwa kwa agizo la walimu waliokuwa na shida, nao wakampata mtu wa kuifanya kazi.

Ziwa letu nalo lina mfano wake. Mwaka 1875, baada ya barua ya Stanley kuchapishwa gazetini, mtu asiyetaka kutajwa jina aliahidi pauni 5,000 kwa ajili ya misheni ya Nyanza. Miongoni mwa waliotumwa na CMS alikuwamo Alexander Mackay, mhandisi, aliyechapa Maandiko kwa Kiganda kwa mikono yake, akafariki Usambiro, kusini mwa ziwa, mwaka 1890. Palikuwa na mfadhili, palikuwa na fundi.

Katika Kanisa letu kazi ya namna hiyo ilifanyika Makumira. Howard Olson, mwalimu wa chuo hicho, alikusanya nyimbo zenye tuni za Kiafrika na kuzitoa mwaka 1968 katika kitabu Tumshangilieni Mungu. "Mfurahini, Haleluya" wa Bernard Kyamanywa, wenye tuni ya Kihaya kutoka magharibi ya ziwa, leo umo katika vitabu vya Walutheri wa Marekani. Usingalifika huko kama usingaliandikwa kwa noti. Ni nyimbo ngapi za upande wetu wa mashariki zilizokosa mwandishi?

Sasa kalamu ya noti ni kompyuta. Mwaka 1996 Waholanzi wawili, Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen, waliokuwa wakipiga pamoja katika okestra ya vijana, walianza programu ya LilyPond. Mwaka 2002 Mjerumani Werner Schweer alianza MuseScore. Zote mbili ni programu huria: leseni yake yamruhusu kila mtu kuitumia, kuichunguza, kuibadili na kuigawa. Wako wasemao kwamba kitu cha namna hiyo hakina gharama. Sisi hatukubali. LilyPond ilijengwa na watu wa kujitolea, na kwa miaka kadhaa fundi wake mmoja aliishi kwa michango ya watumiaji. MuseScore ilinunuliwa mwaka 2018 na kampuni ya Ultimate Guitar, iliyoajiri mafundi wa kulipwa. Toleo la nne likatoka Desemba 2022, na bado ni huria. Mtu fulani alilipa, ila siye sisi.

Zile za kuuzwa nazo si mwamba. Finale, iliyoanza mwaka 1988, ilitangaziwa na wenyewe mwezi Agosti 2024 kwamba haitaendelezwa tena. Walioweka nyimbo zao katika faili za Finale peke yake ikawabidi kuzihamisha. Hili halitofautiani sana na sanduku la marehemu mwalimu wetu.

Lakini kwetu tatizo ni jingine. Programu hizi zilitungwa kwanza kwa ajili ya mistari mitano, ambayo wanakwaya wetu walio wengi hawaisomi. Herufi za Curwen, pamoja na nukta na vituo vyake vya mapigo, ni nyongeza ya pembeni, nayo nyongeza yahitaji mtu wa kuitunza kila toleo jipya litokapo. Mtumiaji wa London hana haja nayo. Mwenye haja ni mwalimu wa kwaya wa Mirongo, na leseni haimzuii kijana wa Mwanza aliyesomea kompyuta kuifanya kazi hiyo, mradi apate posho ya kumtosha. Tumehudhuria mikutano mingi ya kwaya. Katika ajenda zake tumeona sare, vipaza sauti na nauli za mashindano. Kazi hii hatujaiona ikitajwa hata mara moja.