Java, Vihariri vya Msimbo na Ugawaji wa Kumbukumbu katika Nchi ya Gusii

Mwaka 1959 John McCarthy, alipokuwa akibuni lugha ya Lisp nchini Marekani, alivumbua uzoaji taka, yaani utaratibu ambao programu hutafuta yenyewe nafasi ya kumbukumbu isiyotumika tena na kuiachilia itumike upya. Java, iliyotolewa na kampuni ya Sun mwaka 1995, iliueneza utaratibu huo, ila haikuiondoa hesabu ya nafasi: kigezo -Xms huweka ukubwa wa awali wa lundo, ambalo ni eneo la kumbukumbu linalohifadhi data za programu, na -Xmx huweka kikomo chake.

Katika Gusii, eneo la kaunti za Kisii na Nyamira nchini Kenya, chuo cha walimu kilichoanzishwa Kisii mwaka 1965 kilifanywa tawi la Chuo Kikuu cha Egerton mwaka 1994, kisha kikapewa hati ya Chuo Kikuu cha Kisii mwaka 2013, mwaka uleule Google ilipotangaza Android Studio, kihariri cha msimbo cha kuundia programu za simu, ambacho chenyewe huendeshwa juu ya Java. Kwa muda mrefu kikomo cha lundo lake kiliwekwa kuwa megabaiti 1280, huku Gradle, chombo kinachojenga programu kamili kutokana na msimbo, kikidai lundo lake mbali. Kwa mwanafunzi wa Kisii au Nyamira mwenye kipakatalishi cha gigabaiti 4, mgawo huo ulikuwa kama wa mashamba ya Wagusii, yaliyokatwa vipande kizazi baada ya kizazi, ambapo anayeongezewa humpunguzia nduguye.

Kupandisha -Xmx pekee hakukuwa dawa, kwa kuwa lundo likizidi kumbukumbu halisi, sehemu yake huhamishiwa kwenye diski, na mzoaji taka anapolipitia hulazimika kuisubiri diski, kihariri kikaganda. Lundo likiwa dogo mno, mzoaji hafanyi ila kuzoa, hata programu ikakwama kwa kukosa nafasi. G1, mzoaji aliyefanywa chaguo-msingi katika Java 9 mwaka 2017, huligawa lundo katika maeneo madogo na kutanguliza yale yenye taka nyingi, jambo linalofupisha vipindi vya kusimama lakini haliongezi kumbukumbu.

Wakati huohuo kiwango cha chini cha kumbukumbu kwa Android Studio kilipanda kutoka gigabaiti 2, toleo la kwanza thabiti lilipotoka Desemba 2014, hadi gigabaiti 8. Kwa hiyo uzoaji taka haukufuta kazi ya kupima nafasi, bali uliihamisha kutoka kwa mwandishi wa programu hadi kwa mwenye mashine, na mzigo ukawaelemea zaidi wenye mashine ndogo.