Kulitengeneza gari kuukuu la njia mbovu: mwongozo kutoka Wabera, Isiolo

Ndugu zetu wa Pwani wanaokuja Isiolo kwa biashara ya mifugo, kwa kazi au kutembelea jamaa huniuliza swali moja: gari la zamani linalovuta kwa magurudumu manne lafaa kununuliwa? Na likishanunuliwa, libadilishwe nini? Mimi ni mzaliwa wa Pwani na kazi yangu ya gereji naifanya hapa Wabera, kwa hivyo nimeona ni vyema kuandika jibu mara moja, lisomwe na kila anayelihitaji.

Wabera ni wadi ya mjini Isiolo. Jina lake ni la Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya hapa, aliyeuawa Juni 1963. Barabara ya kwenda Marsabit hadi Moyale, kama kilomita 500, sasa ni lami, na gari dogo lafika bila taabu. Lakini ukiiacha lami ukaelekea upande wa Merti, mambo hugeuka. Kuna mchanga wa laga, yaani mito mikavu, kuna mawe meusi ya volkano, na kuna udongo mweusi ambao mvua moja tu huugeuza gundi. Mzee wa Lamu anayeikumbuka njia ya Garsen na Witu kabla ya lami anajua ninachosema.

Huku stesheni wagoni si gari la starehe. Ni gari linalobeba mgonjwa, mama mjamzito, mwalimu na magunia yake ya unga. Likiharibika kilomita 60 kutoka kwenye kijiji cha karibu, wenye kuumia ni watu, si mfuko wa mwenye gari peke yake.

Gari lipi?

Stesheni wagoni ni gari refu ambalo bodi yake imefungwa hadi nyuma, abiria na mizigo wakiwa chini ya paa moja. Zilizotapakaa kwetu ni Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 60, zilizotengenezwa kuanzia 1980 hadi 1990, na wa 80 zilizoanza 1990. Zipo pia Land Rover 110, Range Rover za kale, Nissan Patrol, Isuzu Trooper na Mitsubishi Pajero.

Tofauti kubwa iko chini ya gari. Mfululizo wa 60 una springi za bapa mbele na nyuma. Ni ngumu na hurusha abiria, lakini bapa likikatika fundi yeyote wa jua kali atalibadilisha. Mfululizo wa 80 na Land Rover 110 zina springi za mviringo, ambazo huacha gurudumu lishuke na kupanda zaidi, nalo hubaki limeshika ardhi penye mashimo. Trooper na Pajero za zamani zina magurudumu ya mbele yanayocheza kila moja peke yake. Hizo ni tulivu barabarani, ila kuziinua ni kazi ngumu zaidi na faida yake ni ndogo.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limepita miaka 8. Basi gari la umri huu utalinunua kutoka kwa Mkenya mwenzio, na hapo Mpwani awe macho. Gari lililokaa Mombasa, Malindi au Lamu limekula chumvi. Rangi yaweza kung'aa huku chasisi imeoza kwa ndani. Lala chini ya gari na nyundo ndogo ugonge chasisi mwanzo hadi mwisho, hasa karibu na vishikio vya springi. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya debe la karatasi. Kama kimeoza, rudisha nyundo mfukoni na uage.

Kwanza tengeneza, kisha badilisha

Vijana wengi huanza na taa kubwa na bampa ya chuma. Mimi huanza na rejeta. Joto la huku halisamehe, na rejeta iliyozibwa na mbegu za nyasi na vumbi itaua injini kabla ya jabali lolote. Isafishwe ndani na nje, mipira yake ya maji ibadilishwe yote, na mkanda wa feni wa akiba uwekwe ndani ya gari.

Baada ya hapo angalia breki, beringi za magurudumu, bushi, vishikio vya usukani, na mafuta ya giaboksi na ya difu zote mbili. Mafuta ya difu yakitoka na rangi ya chai ya maziwa, ujue maji yameingia. Hakikisha pia magurudumu ya mbele yanavuta kweli na kwamba gia ndogo, ile ya nguvu, inaingia. Nimeletewa magari mengi ambayo mwenyewe hajaitumia gia hiyo kwa miaka, akaja kugundua imekwama siku aliyozama. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Matairi na upepo

Ukiwa na pesa za kubadilisha kitu kimoja tu, badilisha matairi. Land Cruiser nyingi za kazi huku hutumia saizi ya 7.50R16, nyembamba na ndefu, kwa sababu hupatikana kila mji na ubavu wake ni mgumu kwa mawe. Tairi kubwa zaidi huliinua gari, lakini si kwa kiasi unachodhani. Ikiongezeka sentimita 4 kwa urefu wote, difu hupanda sentimita 2 tu, kwa maana nusu nyingine iko juu ya ekseli. Papo hapo gia huwa nzito, breki hupungua nguvu, na mshale wa mwendo husoma chini kuliko mwendo wako halisi.

Upepo wa tairi ndio dawa ya bure. Kwenye lami na mzigo nenda na paundi 35 hadi 40. Penye changarawe ya mikunjo shusha hadi 28 hivi. Kwenye mchanga wa laga shusha hadi 18, uendeshe polepole bila kukata kona kwa ghafla, kisha ujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami. Tairi laini likikimbizwa juu ya lami hupata moto na kupasuka. Kipimo cha upepo na pampu ndogo ya betri ni muhimu kuliko taa zote za juu ya paa.

Springi na kuinua gari

Sentimita 5 za kuinua zinatosha gari la kazi. Ukizidisha, pembe za propela hubadilika, mipira ya breki huvutika, usukani huanza kutangatanga, na gari hupinduka kwa urahisi zaidi. Usikubali fundi akuwekee vipande vya chuma kati ya ekseli ya mbele na springi ili kuinua mbele, kwani vikichomoka usukani si wako tena. Springi mpya zenye nguvu inayolingana na mzigo wako, pamoja na shokomzoba za urefu unaofaa, ndiyo njia sahihi. Kwenye mikunjo, shokomzoba hupata moto hadi hupoteza kazi. Simama kila baada ya muda uzipoeze.

Uzito ndio adui

Fanya hesabu hii kabla ya kupakia. Jerikeni 4 za dizeli za lita 20 ni karibu kilo 68. Lita 60 za maji ni kilo 60. Bampa ya chuma ni kama kilo 60, winchi kilo 40, gurudumu la pili la akiba kilo 35. Hapo una kilo 263 na hujapakia mtu. Ongeza watu 5 wa kilo 70 kila mmoja, unafika 613. Hujaweka hema, chakula wala sanduku la spana.

Soma kitabu cha gari kinaruhusu kilo ngapi. Kitu kizito kikae chini, katikati ya ekseli mbili. Keria ya juu ni ya vitu vyepesi kama magodoro. Nikiona gari lina magurudumu mawili na jerikeni sita juu ya paa, huwaza mteremko wenye mwinamo utakaolilaza ubavu.

Injini na hewa

Injini ya 1HZ ya Land Cruiser, dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita, hupendwa kwa sababu ni mvumilivu na vipuri vyake viko kila mahali. Wengi huifungia turbo ipande milima. Ijulikane kwamba kiwandani ilitoka bila turbo. Ukiongeza hewa na dizeli nyingi, joto hupanda na kichwa cha injini hupasuka. Kama ni lazima, fungia kidogo, weka kipimo cha joto la moshi, na umtafute fundi anayejua kurekebisha pampu ya dizeli.

Bomba la kuvutia hewa juu, ambalo wengi huliita snokeli, faida yake kubwa kwetu ni vumbi. Hewa ya usawa wa paa ni safi kuliko ile ya nyuma ya lori, na filta hudumu. Inasaidia pia kwenye maji, lakini hailigeuzi gari kuwa jahazi. Pamoja nayo, mipira ya kupumulia ya difu na giaboksi ipandishwe juu karibu na boneti.

Maji ya laga

Hapa naomba usome taratibu. Laga huweza kuwa kavu saa nane na mto saa tisa, kwa mvua iliyonyesha mbali ambayo hukuiona. Usilale ndani yake na usiegeshe humo hata kwa chai.

Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 30 yaweza kulielea gari dogo. Sentimita 60 huyasomba magari mengi, hata haya makubwa yetu. Snokeli haibadilishi hesabu hiyo, kwa sababu gari husombwa kwa kusukumwa ubavuni, hata injini ikiwa inapumua. Mwishoni mwa 2023 mafuriko yaliikata barabara ya Garissa pale Mororo, na Aprili 2024 basi lilisombwa na maji karibu na Tula, abiria 51 wakaokolewa. Basi ni zito kuliko gari lolote ninalolitengeneza mimi.

Kwa maji yaliyotulia, mtu atangulie kwa miguu na fimbo apime kina na sakafu, kisha uingie kwa gia ndogo bila haraka. Kwa maji yanayokimbia, ngoja. Laga nyingi hushuka baada ya saa chache. Injini ya dizeli ikivuta maji, usijaribu kuiwasha tena: maji hayasindikiki, na mikono ya pistoni hupinda.

Kuvutana

Kamba ya kuvuta ifungwe kwenye kulabu iliyobanwa kwenye chasisi. Kamwe usiifunge kwenye kichwa cha mviringo cha kuvutia trela. Kikikatika huruka kama risasi, na watu wameuawa nacho. Weka blanketi zito katikati ya kamba au waya ili ikikatika ianguke chini, na kila mtu asimame mbali kuliko urefu wake. Beba koleo, mbao mbili imara na jeki yenye kitako kipana. Mara nyingi koleo na kushusha upepo vitakutoa bila winchi.

Sheria na ardhi

Ukibadilisha injini au rangi, daftari la gari nalo lazima libadilishwe kupitia NTSA. Injini isiyolingana na daftari itakuletea taabu njiani, kwa bima, na siku ya kuuza.

Jambo la mwisho ni ardhi. Wengine hudhani gari la njia mbovu ni ruhusa ya kupita popote. Katika hifadhi za Samburu, Buffalo Springs na Shaba hairuhusiwi kuiacha njia. Nje ya hifadhi, nyika unayoiona tupu ni malisho, na kwa Waborana wapo wazee wa dedha wanaopanga ni wapi palishwe msimu gani. Alama za matairi kwenye udongo mbichi hugeuka mifereji, maji huifuata, na nyasi haziroti tena. Uliza kabla ya kupita.

Hata mashindano yetu mashuhuri ya magari haya, Rhino Charge, yaliyoanza 1989 kuchangia uzio wa Aberdare wa karibu kilomita 400 uliokamilika 2009, hayampi ushindi mwenye mbio. Mshindi ni anayefika vituo vyote kwa kilomita chache zaidi. Dereva mzuri hushuka, hutembea, huangalia, kisha hupita mara moja.

Kwa hivyo ukija Isiolo na gari lako, fuata mpangilio huu: chasisi, rejeta, breki, matairi, springi, vifaa vya kuvutana. Zikibaki pesa baada ya hapo, nunua taa.