Namba za Noti za Vita: Rupia za Karatasi katika Biharamulo na Ngara

Dai moja limezunguka kwa miaka mingi magharibi ya Ziwa Victoria, na watu wa Nyarubungo, Ngara na Biharamulo wanalijua vizuri. Linasema kwamba noti yoyote ya Mjerumani, au noti ya kwetu yenye namba ya ajabu, ina mnunuzi anayeingoja mahali fulani na mamilioni mkononi. Wapo waliotunza karatasi moja kwa miaka wakimsubiri mnunuzi huyo, na wapo waliolipa nauli na ada kwa dalali aliyeahidi kuwakutanisha naye. Dai hili lina chembe ya ukweli. Linakosea kwa kutufanya tuulize bei ya namba kabla hatujauliza namba yenyewe inasema nini.

Hiyo chembe ya ukweli haichukui muda kuieleza. Noti zetu za sasa zina herufi mbili na tarakimu 7. Kwa kila jozi ya herufi, noti zenye tarakimu moja iliyorudiwa mara saba, kama 7777777, ni 9 tu katika noti karibu milioni 10. Wakusanyaji wa dunia nzima huzigombania, kama wanavyogombania namba ndogo kabisa zinazoanza na sufuri nyingi. Hupenda pia noti mbadala, yaani zile zinazochapwa kuziba nafasi ya noti zilizoharibika kiwandani. Dola za Marekani za aina hiyo zimekuwa na alama ya nyota kwenye namba tangu 1910. Lakini namba inayosomeka sawa kutoka kushoto na kutoka kulia, ambayo wengi huidhani muujiza, hutokea mara moja katika kila noti elfu moja. Mhasibu wa duka la jumla huishika bila kujua. Hata namba iliyo adimu kweli hupoteza thamani yake kwa mkusanyaji noti ikikunjwa, ikiloa au ikiandikwa kwa kalamu, na dirishani mwa benki noti inabaki na thamani iliyochapwa juu yake, basi.

Haya ni mambo ya soko, na soko lina mitindo yake. Kwa mwanahistoria, namba zenye uzito ni nyingine kabisa, na nyingi kati ya hizo ziko kwenye noti ambazo soko linaziuza kwa bei ndogo. Nazungumzia noti za muda za Deutsch-Ostafrikanische Bank, benki ya koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani, zilizotolewa kati ya 1915 na 1917.

Benki hiyo ilianza kutoa noti mwaka 1905. Noti zake za mwanzo zilichapwa Ujerumani kwa ufundi mkubwa: simba kwenye ya rupia 5, bandari ya Dar es Salaam kwenye ya rupia 10, na Kaisari Wilhelm II kwenye zile kubwa. Vita ilipozuka Agosti 1914, meli za Waingereza zikafunga pwani. Noti hazikuja tena kutoka Ulaya, na sarafu hazikuja. Wenye rupia za fedha wakazificha, kama inavyotokea kila mahali watu wanapoona serikali inatetereka. Lakini jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck lilihitaji kulipa askari, wapagazi na wauza nafaka. Ndipo koloni likaanza kujichapia fedha.

Ya kwanza ilikuwa noti ya rupia 20 yenye tarehe 15 Machi 1915. Zikafuata ya rupia 200 mwezi Juni, ya rupia 5 mwezi Agosti, ya rupia 1 mwezi Septemba, kisha zile za 10 na 50 mwezi Oktoba. Ya rupia 1 ndiyo iliyowafikia watu wengi, na ikatolewa tena Novemba na Desemba 1915, kisha Februari 1916. Ukiishika utashangazwa na uduni wake. Haina picha ya mfalme wala mnyama. Ni maandishi ya matbaa ya kawaida kwenye karatasi iliyopatikana siku ile, ndiyo maana toleo moja ni la karatasi laini na jingine ni la karatasi nzito ya kahawia iliyofaa zaidi kufungia mizigo. Mji wa kutolewa umeandikwa Daressalam na Tabora pamoja, kana kwamba wachapaji walikwisha kujua kwamba pwani haitashikika. Kuna herufi ya toleo, kuna saini, na kuna namba.

Herufi hizo na namba ndizo zinazonifanya nirudi kwenye karatasi hizi kila mara. Toleo lilianza na A, likaendelea hadi alfabeti ikaisha, kisha herufi zikaanza upya na tarakimu pembeni: A2, B2, na kuendelea mpaka mfuatano wenye 3. Mpangilio huu unaonyesha mkoloni aliyekadiria kwamba vita itakuwa fupi, akapanga namba za kutosha muda mfupi, kisha akalazimika kuongeza na kuongeza tena. Saini nazo zinabadilika. Mwanzo unaona wino wa mkono wa mtu, kisha nakala iliyochapwa, kwa sababu hakuna ofisa wa benki anayeweza kutia saini rundo lisiloisha. Mfumuko wa fedha za vita umeandikwa hapo, pembeni mwa noti, na hauhitaji ripoti ya gavana kuusoma.

Wabelgiji na Waingereza walipokaribia, uchapaji ukasogea bara na Tabora ikawa kitovu. Hapo ndipo karakana ya reli ilipogonga sarafu za shaba nyeupe na nyekundu za heller 5 na 20 (heller ni mgawanyo wa rupia), na hata sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Sarafu 16,198 za tembo zilitoka mwaka 1916, na hizo kweli zina bei kubwa hadi leo. Tabora ilianguka Septemba 1916. Jeshi la Wajerumani lilipokuwa likirudi nyuma kuelekea kusini, zikatokea noti zenye tarehe 1 Julai 1917, ambazo wakusanyaji wa Kijerumani huziita noti za porini. Maandishi yake yamegongwa kwa herufi za mpira, na mhuri wa tai umeongezwa ili zionekane za serikali.

Kuhusu kasoro za noti hizi kuna mabishano, nami nina upande. Wapo wanaosema kwamba namba iliyopinda, herufi isiyolingana na tarehe, au noti mbili zinazofanana huku karatasi zake zikitofautiana, ni dalili ya udanganyifu. Noti za bandia zipo, sikatai. Lakini hoja hiyo inawapima watu wa 1916 kwa kipimo cha kiwanda cha uchapaji cha Leipzig, Ujerumani. Kazi iliyofanywa kwa haraka, kwa wino haba, na kwa mashine iliyobebwa kwenye behewa lazima iwe na kasoro, na kasoro hizo zikipangwa vizuri zinatupa mfuatano wa matukio. Wakusanyaji Wajerumani walilijua hili mapema. Katalogi ya Holger Rosenberg na ile ya Albert Pick zimeorodhesha tarehe, herufi, aina za karatasi na saini kwa subira ambayo vitabu vyetu vya historia ya uchumi havijaionyesha. Wanahistoria wengi wamezipita kwa kuziona vitabu vya bei. Nadhani ni hasara kubwa.

Hoja nyingine inastahili kusikilizwa zaidi: kwamba noti hizi zilikuwa njia ya kuchukua jasho la Mwafrika bila kulilipa. Soma ahadi iliyoandikwa juu ya noti. Benki inaahidi kulipa, kwenye madirisha yake ndani ya koloni, kwa yeyote atakayeileta, bila kumchunguza yeye ni nani. Ni ahadi ya ukarimu mpaka utambue kwamba imefungwa na mahali. Madirisha yakitekwa, ahadi imekwisha. Mpagazi aliyelipwa rupia 5 za karatasi mwanzoni mwa 1916 alibaki na namba tu.

Biharamulo iliyaona haya mapema kuliko Tabora. Boma la Wajerumani, ambalo bado limesimama, lilishikwa na Wabelgiji Juni 1916, wakiwa wameshapita Kigali mwezi Mei. Kwa muda mfupi watu wa eneo hili wakaingia katika utawala mwingine wa fedha. Stempu za Kongo ya Wabelgiji ziligongwa maandishi ya Afrika Mashariki ya Kijerumani iliyokaliwa, kwa Kifaransa na Kiflemi. Ngara ilikuwa na hali ya peke yake: eneo lake la Bugufi lilihesabiwa kuwa sehemu ya Urundi, na ni makubaliano ya Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji ya 1919 yaliyoliacha upande wa Waingereza. Familia moja ingeweza kumiliki rupia za Mjerumani, kulipa kodi kwa Mbelgiji, na hatimaye kuwa chini ya Mwingereza.

Deni la vita hiyo halikusahaulika kabisa. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari wa zamani waliokuwa bado hai, na inasimuliwa kwamba mweka hazina alifungua dirisha la muda Mwanza. Wazee karibu 350 wakajitokeza, wachache tu wakiwa na vyeti. Aliyekosa cheti alipewa ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki, na hakuna aliyeshindwa. Noti iliahidi kulipa bila kumchunguza mtu, na ilipofika siku ya kulipa, watu ndio waliochunguzwa. Wapagazi, ambao walikuwa wengi kuliko askari, hawakuwa na gwaride la kuonyesha.

Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, florini ya 1920, shilingi iliyoifuata, Benki Kuu ya Tanzania na noti zake za 1966: hayo yameandikwa mara nyingi na sitayarudia.

Mwaka 1994 unanihusu zaidi. Mwishoni mwa Aprili, ndani ya saa 24, wakimbizi wa Rwanda waliohesabiwa kukaribia robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, na kambi yao ya Benaco ikawa kati ya kambi kubwa zaidi za wakimbizi duniani. Walikuja na faranga za Rwanda. Serikali iliyoshindwa ilikimbia na akiba ya fedha za benki kuu, kwa hiyo serikali mpya ya Kigali ikabadilisha noti Januari 1995, na za zamani zikakubaliwa kubadilishwa ndani ya Rwanda kwa muda mfupi tu. Aliyekuwa upande huu wa mto akabaki na karatasi. Ahadi iliyofungwa na mahali ikavunjika mara ya pili katika wilaya ileile, miaka 79 baada ya noti ya kwanza ya rupia 1.

Januari 2025 Benki Kuu ilianza kukusanya noti zetu za 1985 hadi 2003 pamoja na ya shilingi 500 ya 2010, na mwisho wa kubadilisha ulikuwa tarehe 5 Aprili 2025. Zile zilizobaki majumbani sasa zina soko kwa wakusanyaji na madalali tu. Rupia za karatasi za Mjerumani nazo zipo katika masanduku ya familia, na kabla hazijauzwa kwa mpita njia, shule za sekondari za Biharamulo na Ngara zinaweza kuziandika kwa kazi ya mchana mmoja: thamani, tarehe, herufi ya toleo, namba, saini ni ya mkono au ya kuchapwa, rangi ya karatasi, na kijiji ilikotunzwa. Noti ya rupia 1 kwa kawaida haifikii mamilioni, mara nyingi ni makumi ya dola tu, kwa hiyo mwenye nayo hapotezi utajiri akiipiga picha na kuiacha kwa mjukuu. Wilaya hizi mbili zikikusanya mia moja tu za namna hiyo, tutaweza kujua matoleo gani yalifika Biharamulo kabla ya Juni 1916 na yapi hayakufika, jambo ambalo katalogi za Wajerumani haziwezi kutuambia.