Kuagana na paka wa nyumba

Tukizungumza juu ya desturi zetu hapa Mutshatsha, tunafikiri kwanza mukanda wa Walunda na Wacokwe, kutawazwa kwa machifu, na vilio vya watu wakubwa. Paka hatumtaji. Lakini kila nyumba iliyofuga paka inajua siku ile: tangu jana haonekani, watoto wanamwita nyuma ya jiko, halafu mmoja anamkuta amekwisha kufa. Watoto wanalia. Mara mkubwa anawakemea: "Acheni kulia, ile njo nyama tu." Neno hilo tunataka kulipima kwa mizani ya historia.

Paka hakuletwa kwa kamba kama mbuzi. Uchunguzi wa jeni uliotangazwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wote wa nyumbani duniani wametoka kwa paka wa pori, wa aina ile ile inayoishi hata leo katika savana za Afrika. Watu walipoanza kulima na kuweka nafaka ghalani, panya walikuja. Paka akawafuata panya, na mtu akamwacha akae. Katika kisiwa cha Kipro, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta kaburi la miaka karibu 9500: paka amelazwa sentimita 40 tu kutoka kwa mtu. Hakutupwa, alizikwa. Na Herodotus, Mgiriki wa karne ya 5 mbele ya Kristo, aliandika kwamba huko Misri paka akifa nyumbani, wenyeji wote walinyoa nyusi zao. Kumlilia paka, basi, si jambo lililoletwa juzi na wazungu. Kuna mizizi hapa hapa Afrika.

Kwetu, jina lenyewe "paka" tulilipata pamoja na Kiswahili, lugha iliyofika Katanga na wafanya biashara waliokuja kwa Msiri kule Bunkeya katika karne ya 19, ikaenea baadaye katika makambi ya Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906. Mwaka 1931 njia ya reli kutoka Tenke kupitia Kolwezi na Mutshatsha ilifika mpakani Dilolo, ikaungana na ile ya Angola inayokwenda Lobito. Reli inabeba magunia, na penye magunia ya unga pana panya. Mama anayetunza mahindi na mihogo mikavu ya bukari ya mwaka mzima anajua vizuri kazi ya paka. Ni mlinzi asiyedai mushahara.

Hata hivyo tunamwogopa pia. Macho yake yanawaka usiku, na watu wanasemaka ni wa walozi. Ndiyo maana akifa, wengi wanamtupa gizani, jirani wasije wakasema. Wengine wanasemaka paka mgonjwa anatoka mwenyewe nyumbani ili asituletee msiba. Wajuzi wa wanyama wanaeleza kwamba anatafuta tu mahali pa kimya, adui asimkute akiwa dhaifu.

Kuna pia kuagana kusikokuwa na nafasi. Mwaka 1977, wapiganaji wa FNLC waliingia kutoka Angola mwezi wa tatu, wakaiteka Mutshatsha mwisho wa mwezi ule. Jeshi la Zaïre likisaidiwa na askari wa Maroko likairudisha mwisho wa mwezi wa nne. Anayekimbia vita anabeba mtoto, sufuria na mukeka. Paka anabaki, kwa sababu yeye ameshikamana na nyumba, si na safari. Ndivyo ilivyo kwa kila fukuzo, hata lile la ndugu zetu wa asili ya Kasai katika miaka ya 1992 na 1993, lililojaza watu kwenye vituo vya treni. Katika orodha ya vitu vilivyopotea, paka haandikwi. Lakini mtoto hamsahau.

Sisi walimu tunaona darasani kwamba kwa watoto wengi paka ndiye maiti wa kwanza kumjua kwa jina. Hapo ndipo wanajifunza namna ya kuaga. Hatuombi kilio cha siku tatu, wala matumizi ya franga. Tunaomba shimo refu, mbali na kisima, kitambaa kikuukuu cha kumfunika, na mzazi asimame hapo pamoja na watoto, alitaje jina la paka na kusema asante kwa kazi aliyofanya. Inachukua robo saa.

Mtoto akifundishwa kwamba aliyetutumikia miaka kumi anatupwa jalalani, somo hilo atalishika. Atalikumbuka siku sisi wenyewe tutakapokuwa wazee.